Mzee Aliyefaulu Kipimo cha Masikio

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo nina habari za mzee mmoja na mkewe. Msianze kugeuka kutafuta nani anafanana nao. Hawakai hapa.

Mzee huyu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa. Kelele ya mashine ile mnaijua. Ukisimama mlangoni kungoja unga wako tu, unaondoka kichwa kinavuma. Yeye alikuwa humo ndani kutwa. Watu wa mashine hawasikilizani, wanaangaliana. Mama anaingia na debe lake, anafungua mdomo, na mzee anajua anataka sembe au dona kwa kutazama midomo na mikono yake. Ndiyo maana masikio yake yalipoanza kufa, hata yeye alichelewa kujua. Macho yalikuwa yameshazoea kuyafanyia kazi.

Na palipokuwa na giza, au mtu akaongea amempa mgongo, mzee alikuwa na kinga nyingine: salamu zetu. Jamani, salamu zetu si zina mpangilio? Shikamoo, marahaba. Habari za nyumbani, nzuri. Za tangu juzi, salama. Na mwisho wa yote unasema tunamshukuru Mungu. Mtu anaweza kuzipita zote hizo bila kusikia hata neno moja, ilimradi anajibu kwa zamu. Mzee wetu alizipita hivyo kwa miaka, na mtaa mzima ukamsifu kwamba ni mtu mwenye adabu na shukrani.

Mkewe ndiye aliyeumia. Zamani wakikaa jioni walizungumza mpaka chai ikapoa. Sasa mama akisema paa la jiko linavuja, mzee anamjibu, "Vizuri, mama, tunamshukuru Mungu." Akasema dada yake kule kijijini anaumwa, hatoki kitandani, angependa kwenda kumwona. Mzee akatabasamu, "Vizuri, mama, tunamshukuru Mungu." Mwanzo mama alilia. Baadaye akaelewa kwamba mume wake hasikii, na akamsamehe yote. Lakini upweke haukumtoka. Akawa anazungumza na kuku wake.

Basi serikali ya nchi yao ikatangaza msaada. Wazee wenye shida ya kusikia wafike hospitali ya wilaya, wapimwe, na atakayeonekana anahitaji kifaa cha kuvaa sikioni, gharama italipwa na serikali. Mama aliposikia tangazo hilo alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Akampigia mzee pasi shati, akamshika mkono, wakaenda.

Kwenye chumba cha vipimo wakaambiwa aingie mzee peke yake. Mama akabaki nje kwenye benchi. Ndani palikuwa na binti mmoja mwenye heshima zake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na masikio nayo, yanaendeleaje?"

"Salama tu. Tunamshukuru Mungu."

Mmeona? Kwa zamu. Binti akaandika.

Kisha akamvalisha vile vyombo vya masikioni, akamwonyesha kwa ishara: ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, nyoosha kidole. Binti akakaa kwenye mashine yake, na mzee akafanya alichokifanya maisha yake yote. Akatazama mikono. Binti akibonyeza, mzee ananyoosha kidole. Akibonyeza tena, kidole juu. Hakukusudia kudanganya mtu. Aliona binti anahangaika, akaona si adabu kumwacha bila jibu.

Binti akatoka nje akiwa na furaha. "Bibi, hongera. Babu anasikia vizuri kabisa, hata mimi simfikii. Msaada huu tunawapa wenye shida, sasa yeye hahitaji."

Mimi na wewe tungeshangilia, siyo? Lakini jiweke kwenye lile benchi. Mwanamke amemsamehe mume wake kwa sababu hasikii. Leo hospitali inamwambia anasikia. Kwa hiyo paa aliambiwa, akapuuza. Habari za dada alizisikia, akamshukuru Mungu. Ile miaka yote ya kimya, kumbe alikuwa anasikia na hajali. Njia nzima mama hakufungua mdomo. Mzee naye alitembea pembeni yake ametulia, akidhani amefanya vyema.

Jioni mama akapakua ugali, akamwekea mbele yake, na wakati mzee ameinamia sahani akasema, "Kesho naenda kwa dada yangu, na sidhani kama nitarudi."

Mzee akainua uso, akakuta mdomo wa mama unafungwa. Akatabasamu. "Vizuri, mama. Tunamshukuru Mungu."

Asubuhi mzee anatoka kunawa uso, anamkuta mkewe amevaa viatu vya safari, furushi limefungwa kwa kitenge, na kwapani ameshika kuku. Yule tetea anayetaga. Hapo ndipo moyo ulipomshtuka. Mwanamke akienda kusalimia, kuku anamwachia jirani. Akiondoka na kuku wake, ninyi akina mama mnajua maana yake.

"Mama, unakwenda wapi?"

Mama alikuwa ameangalia pembeni, machozi yanamtoka, na mzee hakuona midomo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na pa kushika. Hakuna salamu inayoanza hivyo, kwa hiyo hapakuwa na jibu la zamu. Akaketi kizingitini, akasema neno ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu enzi za mashine.

"Sisikii. Mke wangu, mimi sisikii."

Mama akageuka taratibu, akamwelekezea uso. "Mbona kwenye kipimo ulisikia?"

"Nilikuwa naangalia mkono wa yule binti. Kila akibonyeza, nanyoosha kidole. Nilidhani ndicho anachotaka."

Kicheko kikamshika mama, kicheko cha kulia na kucheka, mpaka kuku akamponyoka. Wakamkimbiza wote wawili uani, wazee wazima, na walipomkamata mama alikuwa ameshavua hasira.

Wakarudi hospitali siku hiyo hiyo. Safari hii mama hakukubali benchi. Aliingia na mumewe, akasema, "Mwanangu, mgeuze aangalie ukuta." Binti akamgeuza. Akabonyeza, kidole kimelala gotini. Akaongeza mlio, kidole kimelala. Akaongeza mpaka mama akausikia kutoka pale alipokaa, na kidole hakikusogea.

Binti akaja mbele yake, akasema polepole, "Babu, jana mbona hukuniambia?"

Mzee akajibu, "Uliniuliza habari, mwanangu, nikakupa habari."

Wapendwa, haikupita muda mrefu kifaa kikaja, na serikali ikalipa kama ilivyoahidi. Binti akamvalisha sikioni, akakiwasha. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mume wake, mahali ambapo macho hayafiki. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada yangu anaumwa."

Mzee hakumshukuru Mungu. Aligeuka. "Pole, mke wangu. Twende tukamwone." Wakaenda pamoja, na yule kuku wakampelekea dada. Huko njiani, wanasema, mama aliongea toka mwanzo wa safari mpaka mwisho, na mzee hakukipunguza kifaa chake sauti hata kidogo. Akina baba, mmesikia? Hata kidogo.

Sasa nawauliza. Msaada ulikuwa umekosekana wapi? Serikali ilikuwa imeshatenga gharama. Binti alikuwepo, tena mkarimu. Mke alimfikisha mpaka mlangoni. Mzee hakudaiwa kitu chochote isipokuwa neno moja, sisikii, na nusura ampoteze mke kabla hajalitamka.

Mnacheka. Mimi nilikuwa nawaangalia tulipokuwa tunaimba mwanzo wa ibada hii. Kiongozi akinyoosha mikono, safu ya mbele inanyoosha. Safu ya mbele ikinyoosha, ya pili inafuata, na kufika kule nyuma mikono yote iko juu. Ni jambo zuri. Lakini wangapi wamesikia kitu, na wangapi wanamtazama jirani? Mungu akitugeuza ukutani leo, tusimwone kiongozi wala jirani, kidole cha nani kitanyanyuka?

Sisi tumekuwa hodari wa kufaulu vipimo tulivyopaswa kuanguka. Ndoa inavuja, tunasema nzuri. Mtoto hatujui analala wapi, salama. Imani imepoa miaka, tunamshukuru Mungu. Na Mungu, ambaye ameshaandaa msaada wote na kuulipia, anakusikia unavyosema huhitaji. Na walio karibu nawe wanaondoka na kuku wao, wakiamini kwamba unasikia na hujali.

Shukrani si kosa, msinielewe vibaya. Yule mzee anashukuru mpaka leo, ila sasa anajua anashukuru nini.

Kabla sijakaa, neno la kawaida kabisa. Wazee wangu mnaojibu kwa zamu, nawajua, maana hata mimi mnanijibu hivyo. Kama kuna msaada wa namna hiyo hapa kwetu, sina hakika, lakini kuuliza kwenye ofisi ya kata au hospitalini hakuna aibu. Na ninyi watoto wao, msiwaache waingie peke yao. Ingieni, kaeni nao, semeni mnachokijua.

Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni kama kawaida, na nitakushika mkono nikuulize habari zako. Utanijibu nzuri, najua, ndivyo tulivyolelewa. Lakini leo sitauachia mkono wako. Nitaushika hivyo hivyo, nikutazame, ningoje jibu la pili.