Jogoo wa Wodi Namba Nne

Yah: Umiliki wa jogoo mmoja (1), mwekundu, aliyeachwa Wodi Namba Nne bila jina la mpokeaji.

Hapo zamani, ingawa siyo zamani sana maana faili bado liko wazi, Tusekile alilazwa kwa saratani ya titi. Akatundikiwa dripu ya dawa ya kwanza, kisha ya pili. Ilipoletwa ya tatu, akaficha mkono ndani ya kitenge. Alijua maana yake: mbili zimeshindwa, sasa wanabahatisha. Akafunga mzigo wake, akangoja basi la saa nane.

Akaja Dokta Mwakifuna. Akachora duara na mishale, akaeleza kuwa dawa zote tatu zilipangwa pamoja tangu mwanzo na hakuna iliyoshindwa. Tusekile akaitikia ndiyo, ndiyo. Mkono haukutoka.

Akaja Sista Benardeta.

"Mama, kuku mjanja utamkamata peke yako?"

"Atapita uvunguni."

"Na mmoja akifukuza, mwingine akiziba mlango, wa tatu akichungulia uvunguni? Ndiyo dawa zako hizo. Ugonjwa ukikwepa moja, unakutana na nyingine."

"Na uwanja wenyewe ni mimi. Nitakanyagwa na wote watatu."

Sista hakumficha. Atatapika, nywele zitatoka, na akipata homa aseme siku hiyohiyo. Mkono haukutoka. Ikafika saa saba na nusu.

Kwenye kitanda cha pili alilala Mama Lugano, kichwa hakina unywele. Akasema taratibu:

"Mwenzangu, mimi ya tatu niliikimbia. Nilipanda basi hilohilo. Ugonjwa ukarudi."

Tusekile akatoa mkono.

Baada ya miezi kadhaa na upasuaji, vipimo havikuona tena uvimbe. Tusekile akaleta jogoo, akasema ni wa yule aliyemfanya abaki, akawahi basi.

Kamati ya Zawadi ikakaa. Fomu ya jogoo hakuna, akaandikwa chini ya "vifaa". Dokta akasema: bila mpango wangu, angebaki kwa ajili ya nini? Sista akasema: mpango ambao hakuuelewa ungemsaidia nini? Mama Lugano akatuma neno kutoka kitandani: nyie mlimweleza, mimi nilimwonyesha.

Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena. Cha tatu kilipoitishwa, Mama Lugano alikuwa amefariki siku mbili kabla. Jogoo yuko stoo, anakula wali wa wodi.

Haya, mnaonisikiliza, kamati imeshindwa: nani alistahili jogoo?