Kitabu cha Wageni cha Kwamsheshe

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kuvaa kanzu, zamani ya juzijuzi tu, kijiji cha Kwamsheshe kilikuwa na kompyuta moja. Diski yake ikafa, na masomo ya sekondari yaliyokuwamo yakafa nayo. Waliyategemea watu walioacha shule njiani, na mmoja wao alikuwa Nakiete, binti aliyeishia kidato cha pili, mwaka aliozikwa baba yake.

Mgeni rasmi mmoja akatoa ahadi mkutanoni: "Ifufueni. Ikifika mwaka ingali hai, aliyeiweka hai nitampa nafasi ya chuo, chakula na malazi juu yangu. Nafasi moja." Nakiete alikwenda nyumbani na neno hilo moja, akalala nalo, akaamka nalo.

Akaja Fundi Mbonea, mtengeneza redio. Diski mpya haikuwapo. Ilikuwapo flashi ya kwaya, iliyochoka kwa nyimbo za kuandikwa na kufutwa miaka saba. Humo akaweka mfumo endeshi usiouzwa, ule ambao waliouunda wameuacha wazi kila mtu autumie na kuurekebisha. Akaweka na masomo upya. Kisha akawaambia watu: "Flashi ni ukuta wa udongo. Kuusoma hakuuchoshi. Kila ukiandika, unabandua udongo kidogo. Kwa hiyo nimeuamuru mfumo uweke mambo yake kichwani mwa mashine, pale panaposahau yote umeme ukizimika. Kwenye flashi utaandika pale tu mtu anapobonyeza hifadhi."

Akaja Mama Nambua, akapewa ufunguo wa chumba. Alikaa kando ya mashine na kibao cha chaki. Mtu akitaka kuandika barua: "Andika kwenye kibao kwanza." Mtu akisema amemaliza: "Soma tena." Mtu akisema hana kosa: "Soma tena, baba, makosa yako yasije yakatubomolea ukuta." Mwaka mzima wakamchukia, na mwaka mzima mashine ikapumua.

Nakiete naye akapewa kazi ya kuchapa, kwa kuwa vidole vyake havikukosea.

Mwaka ukatimia. Mgeni rasmi akaja na msafara wake. Na desturi yetu mnaijua: mgeni haonyeshwi daraja, choo, wala ng'ombe aliyezaa pacha, kabla hajasaini kitabu cha wageni. Mtendaji Senkondo akaona kitabu cha karatasi ni aibu mbele ya kompyuta. "Kila mtu aandikwe humu," akasema, "na kila jina lihifadhiwe papo hapo, lisipotee."

Fundi Mbonea alijua hatari yake. Akatazama viatu vyake, akasema, "Sawa, Mtendaji."

Mama Nambua alijua. Akapanga foleni, akasimama wa kwanza, akaandikwa. Kisha akarudi tena mwisho, kwa sababu mara ya kwanza halikuandikwa neno Mlinzi Mkuu.

Nakiete alijua pia. Akachapa majina na vyeo, na vyeo vilikuwa virefu kuliko majina. Alikuwamo kaimu msaidizi wa katibu wa kamati ya mapokezi, na alitaka kila neno. Kila mmoja aliuliza, "Limeingia, binti?" Nakiete akajibu, "Limeingia, mheshimiwa." Na hakubonyeza hifadhi hata mara moja.

Jina la arobaini na tatu lilipokuwa likichapwa, umeme ukakatika.

Uliporudi, mashine ikaamka. Masomo yote yapo. Majina hakuna.

Mgeni rasmi akainama mbele ya kioo, akatafuta juu, akatafuta chini. "Mimi niko wapi?"

"Hukuwahi kuwamo, mheshimiwa," akasema Nakiete. "Sikuhifadhi mtu."

Hapo Fundi Mbonea akapata sauti. "Ingekuwa inaandika umeme ulipokatika, ukuta wote ungeanguka. Lakini ukuta nimeujenga mimi. Bila mimi, huyu angedanganya mbele ya meza tupu."

"Meza ingekuwa tupu tangu Machi," akasema Mama Nambua. "Nimechukiwa mwaka mzima kwa ajili ya flashi hiyo. Nimeolewa, nimezika mume, na darasa la nne sijalimaliza. Mimi sitaki chuo?"

"Nyote wawili mlijua," akasema Nakiete. "Fundi akatazama viatu, mama akatafuta cheo. Leo ingekufa, mngedai nini?"

"Na wewe umewadanganya watu arobaini na watatu usoni," akafoka Mtendaji.

"Arobaini na wawili, Mtendaji. Mama Nambua aliandikwa mara mbili."

Watu wakacheka, ila mgeni rasmi hakucheka. Ahadi aliitoa hadharani, na hadhara ilikuwa pale pale. "Basi andikeni humo jina la mshindi," akasema, "na hili lihifadhiwe. Ukuta umechakaa. Mtaandika mara moja, hakuna kufuta."

Mama Nambua akainua chaki. Fundi Mbonea, safari hii, hakutazama viatu. Nakiete akaweka kidole kwenye hifadhi.

Kidole kipo pale mpaka leo, kinawangoja nyinyi mliokaa hapa. Mmoja aliujenga ukuta akanyamaza ulipotaka kubomolewa, mmoja aliulinda mwaka akauuza kwa cheo, mmoja aliuokoa kwa uongo. Nafasi ni moja, na kuandika ni mara moja.

Je, nani alistahili kuandikwa?