Wimbo wa Kwanza wa Mghoi

Hapo zamani, na si zamani ile ya majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mwanamke huko Voi aliyeitwa Mghoi. Mghoi alikuwa mwimbaji wa roki. Naam, roki, ile ya gitaa la umeme linalokoroma, wala msininunie. Miaka mingi aliimba katika bendi ya watu wengine, akisimama nyuma, akiitikia. Siku moja akasema, "Kuitikia nimeitikia vya kutosha. Sasa nataka na mimi niitikiwe." Akaiaga bendi, akaanza kutengeneza albamu yake mwenyewe.

Basi alikuwa na maneno, lakini hakuwa na muziki. Wenzake wa bendi walikuwa wamemnunia, hata salamu hawakumpa. Akamwendea Mwadime, mpiga gitaa wao. Mwadime alikuwa na tuni aliyoitunga mwenyewe, tamu ajabu, akaificha akingoja siku yake. Akampa.

"Chukua, dada," alisema. "Ikikaa kwangu itaota ukungu."

Bendi ilipopata habari, ikamfukuza Mwadime. Mghoi akalia. Akamshika mkono akasema, "Mwadime, albamu yangu ikikamilika, wimbo wako ndio utakaotangulia."

Basi alikuwa na muziki, lakini hakuwa na sauti. Mama yake alifariki, na mazishini Mghoi alipoinuka amwimbie, koo likafunga. Likafunga siku ile na siku zilizofuata. Daktari akatazama, akasema koo ni zima. Mwishowe shangazi yake, Wakesho, akampeleka kwake mlimani, akatoa ngoma ya mwazindika, ile ambayo Wataita tangu enzi humpigia mtu aliyeelemewa. Hakumwambia imba, hakumwambia nyamaza. Alipiga tu, akapiga, akapiga mpaka viganja vikavimba. Jioni Mghoi akafungua kinywa, kikatoka kilio, na kile kilio kikageuka wimbo wa mama yake.

Akambusu shangazi viganja. "Shangazi, albamu yangu ikikamilika, wimbo huu ndio utakaotangulia."

Mnaona jambo linakokwenda? Ngojeni kwanza.

Basi alikuwa na sauti, lakini hakuwa na kimya. Studio aliyoipata ilipakana na mashine ya kusaga ya Mzee Shuma, na mashine ile ikinguruma hata meno ya jirani hutetemeka. Kwa nyimbo za makelele haikudhuru. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja wa polepole, unaoanza kwa pumzi tu, kisha neno moja la chini, kisha pumzi tena. Mghoi akaenda kuomba. Ilikuwa msimu wa mavuno, foleni ya madebe ya mahindi imefika barabarani. Mzee Shuma akamtazama, akazima mashine.

"Mzee, kwani watoto watakula wimbo?" wateja wakamzomea.

"Leo watakula wimbo," akajibu, "kesho watakula sima."

Wengine wakahamia kwenye mashine ya pili na hawakurudi tena. Mghoi alipotoka studio akamkuta mzee amekaa peke yake na vumbi la unga kwenye nyusi. Akasema nini? Mnajua alichosema.

Mghoi hakuwa mwongo. Kila alipoahidi, aliahidi kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba albamu ina mwanzo mmoja.

Siku ya kupanga nyimbo ikafika. Nyingine zote zilikaa mahali pake bila ugomvi. Zikabaki hizo tatu. Na mtangazaji wa redio alikuwa amemwambia waziwazi, "Mimi hucheza wimbo wa kwanza. Ukininasa, nitacheza na wa pili. Usiponinasa, basi tena." Kwa hiyo wimbo wa kwanza ungeamua kama Mghoi ataitikiwa, au atarudi nyuma kuitikia. Na wale watatu, waliposikia habari za redio, wakaja wote asubuhi moja.

Mwadime akasema, "Bila mimi hakuna muziki. Na tusidanganyane, wimbo wangu ndio utakaowainua watu vitini."

Shangazi akasema, "Bila mimi hakuna sauti. Gitaa bila sauti ni mbao na nyaya."

Mzee Shuma akasema, "Bila mimi hakuna kimya. Mngeimba, na sisi tungesikia mahindi."

Mghoi akaona aibu, akawaambia ukweli: aliwaahidi wote. Kisha akawachezea nyimbo zote tatu. Wa Mwadime ulipolia, hata Mzee Shuma alitikisa bega. Wa shangazi ulipolia, wote walifuta macho, na Mghoi mwenyewe alijua hajapata kuimba vizuri kuliko hapo. Lakini nani huanza kumlilia mgeni kabla ya kumsalimu? Wa Mzee Shuma ulianza kwa kimya kirefu hata Mwadime akaguna, "Watu watadhani redio imekufa." Kisha neno lile la chini likaja, na hakuna aliyeguna tena.

Mwadime akainamisha kichwa. "Mpe shangazi. Ni mtu mzima."

"Koma!" shangazi akafoka. "Sitaki kupewa kwa ajili ya mvi. Kama wimbo hauna haki, uwekwe mwisho."

Mzee Shuma akasema taratibu, "Mimi niweke popote utakapo, mwanangu. Ila ahadi ni deni, na uliniahidi."

Mghoi akawatazama, akawapenda wote, akakasirika nao wote. Akaingia studio, akafunga mlango, akapanga, kisha akampelekea mtangazaji albamu.

Kesho yake wakakusanyika kwenye mashine ya kusaga, redio juu ya gunia. Mzee Shuma akazima mashine yake tena. Foleni ilikuwepo, na safari hii hakuna aliyezomea. Kina mama walikaa juu ya madebe yao, wakangoja. Mtangazaji akataja jina la Mghoi, jina lake peke yake, bila bendi mbele. Shangazi akashika mkono wa Mwadime. Mzee Shuma akaegemeza sikio. Mghoi akajua kwamba kwa vyovyote vile haondoki hapo akiwa yule wa nyuma.

Wimbo ukaanza.

Sasa nyinyi mlionisikiliza, msinitazame mimi. Mmoja alimpa muziki akapoteza bendi, mmoja alimrudishia sauti akaumia viganja, mmoja alimpa kimya akapoteza wateja, na wote watatu waliahidiwa. Je, ulikuwa wimbo wa nani?