Kadi za Nakonde

Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walijua walisemalo. Jambo linalomlemea mtu mmoja huwa jepesi likishikwa na wengi. Muulize Fatu, muuza maandazi wa Tunduma.

Januari ya mwaka 2011, Fatu alikwenda shuleni mara tatu kumwandikisha bintiye Raudha darasa la kwanza. Mara tatu Mwalimu Osward, mwalimu mkuu, aliitazama kadi ya kliniki akairudisha. Raudha alizaliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa uchungu ulimshika mamaye akiwa katika soko la huko.

"Huyu ni wa Zambia, mama. Mpeleke kwao."

Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa. Jumatano Fatu aliketi kwa Marita, msusi, uso umemshuka kama mfiwa. Kwa Marita habari hazilali, hivyo siri ikamtoka. Kumbe Rozi, aliyekuwa akisukwa, alikuwa na kadi kama hiyo, kaificha chini ya godoro kwa haya.

"Shoga, nami nilidhani niko peke yangu," akasema.

Marita akacheka hadi chanuo likamdondoka. "Nusu ya Tunduma imezaliwa Nakonde, nanyi mnafichana kama wezi?"

Akaacha kichwa cha Rozi nusu, akaingia sokoni. Umbea una miguu. Kufikia Alhamisi adhuhuri zilikuwa zimejitokeza kadi kumi na nne, pamoja na Hezron, msaidizi wa kisheria kutoka mji jirani wa Vwawa, aliyeletwa na umbea huohuo. Aliwasomea Sheria ya Mtoto polepole: mtoto ana haki ya elimu, wala asibaguliwe kwa kuzaliwa kwake. Tena mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania, hata akizaliwa ng'ambo.

Ijumaa asubuhi akina mama kumi na wanne, kila mmoja kamshika mwanawe mkono, walijaa ofisini hadi barazani. Fatu akaweka mezani nakala ya sheria waliyoachiwa na Hezron. Mwalimu akaisoma, akafuta miwani, akaisoma tena.

"Mbona hamkuniambia haya mapema?"

"Nilikuja mara tatu, Mwalimu," Fatu akajibu kwa upole. "Sheria ni ileile. Tulioongezeka ni sisi."

Mwalimu akashika kalamu. Jina la kwanza likawa Raudha.

Mchana ule kwa Marita hapakuwa na pa kukaa. Maandazi yalipita mkono kwa mkono, na Rozi, aliyekwenda shuleni kaficha kichwa chake chini ya kilemba, akamaliziwa nusu iliyobaki. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.