Spika Moja, Jina Moja la Kutajwa

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Hadithi hii haina zimwi wala sungura, na mimi mwenyewe siipendi, maana kila nikiisimulia watu wanagombana, halafu ninayebaki na kichwa kinachouma ni mimi. Leo mtaisikia, na leo mtaniamulia.

Morogoro kulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Kobelo alijua sumaku. Akiishika tu mkononi, anakwambia imetengenezwaje. Bi Tabu alijua karatasi, na aliitengeneza mwenyewe, tangu kuloweka hadi kuanika. Shomvi alikuwa fundi wa kusuka mota, aliyeweza kuzungusha waya mwembamba kama unywele bila kuukata.

Na kulikuwa na Dorothea Mkude, mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi ya Milima Jazz. Bendi ile ilikuwa na wimbo mmoja uliowainua watu vitini wakaacha vinywaji vya baridi vikipata moto. Wimbo wenyewe ulikuwa na desturi yake: ubeti wa pili ukiisha, vyombo vyote vinanyamaza, Dorothea anataja jina la mtu mmoja, na gitaa linamjibu. Ukumbini jina lilibadilika kila shughuli. Lakini sasa wimbo ulikuwa unakwenda kurekodiwa, na jina litakaloingia humo ndilo litakalobaki hata sisi tukishaondoka duniani.

Kabla ya kurekodi likatokea la kutokea. Kwenye harusi moja amplifaya ya besi iligoma, na mpiga besi, bila kumwuliza mtu, akachomeka besi lake kwenye amplifaya ya Dorothea. Spika ya gitaa si spika ya besi! Karatasi yake ya mbele inayotetemesha sauti ikapasuka, koili, yaani waya uliosukwa nyuma yake, ikaungua, na wakati wa kupakia vyombo, huku wanatukanana, wakaiangusha, sumaku nayo ikavunjika.

Wakanunua mpya dukani. Ilikuwa na sauti kubwa, lakini gitaa lilichoma masikio. Wakatafuta nyingine, nayo ikanguruma kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Dorothea akaweka gitaa chini akalia mbele ya wenzake. "Hii siyo sauti ya wimbo wangu," akasema. "Mimi sirekodi."

Hapo ndipo alipokosea. Kwa kuchanganyikiwa alimwendea Kobelo: "Kaka Kobelo, nirudishie sauti ile, nitakutaja kwenye wimbo." Akatoka hapo akaenda kwa Bi Tabu akamwahidi hayohayo, kisha kwa Shomvi, hayohayo. Wala hakumwambia mmoja habari za ahadi ya mwenzake. Kila mmoja akajua jina ni lake, na wengine ni wasaidizi.

Kobelo akasema, "Sumaku za siku hizi ni unga mweusi ulioshindiliwa na kuchomwa kama chungu. Zina nguvu, lakini hazina huruma. Za zamani ni madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa; gitaa likizidi nguvu, zinalegea kidogo, sauti inakuwa laini." Aliyokuwa nayo ni moja tu, ndani ya redio kubwa ya mbao ya marehemu mama yake, na redio ilikuwa bado inaimba. Akaifungua, akaitoa. Sumaku za aina ile zikitolewa mahali pake hupoteza nguvu, kwa hiyo ilipokwisha kukazwa kwenye spika akaichaji upya kwa waya na betri za gari, mpaka bisibisi ikaing'ang'ania isibanduke.

Bi Tabu akasema, "Karatasi nene inaificha sauti. Nyembamba inatetemeka mapema, ndiyo inayolipa gitaa kile kikohozi kitamu." Wengine hukata karatasi wakaizungusha na kuigundisha, ikabaki na mshono. Yeye hakutaka mshono. Aliloweka mifuko ya saruji, akaitwanga, akamimina rojo kwenye chujio lenye umbo la faneli. Ikakauka, ikapasuka. Akarudia, ikapasuka. Saruji ikambabua vidole hadi akashindwa kushika kijiko, na bado akarudia mpaka ikasimama nzima.

Shomvi akaingia kazini. Alisuka koili juu ya bomba la karatasi, ingawa la plastiki lingevumilia joto zaidi, kwa sababu la karatasi ndilo linalotoa sauti yenye uvuguvugu. Kisha akaishusha kwenye mwanya wa sumaku, mwembamba kama ukucha; ikigusa ukuta tu, spika inakwaruza. Iligusa. Akaitoa, akasuka upya, akiapa kwamba akimaliza kazi hii hataki kusikia neno gitaa.

Msiniambie mmoja alifanya zaidi! Walijaribu. Bila sumaku ya Kobelo, gitaa liliuma masikio. Bila karatasi ya Bi Tabu, likanung'unika. Bila koili ya Shomvi, likatoka safi lakini baridi. Vilipokutana vyote vitatu, Dorothea alipiga noti moja akashika kifua. "Ndiyo yenyewe!"

"Basi kesho unanitaja," akasema Kobelo.

"Unamtaja nani?" Bi Tabu akauliza.

Ikawa vurugu. Dorothea akakiri ahadi zote, akaomba radhi, akapendekeza awataje wote. Akajaribu kuimba hivyo: majina yakajaza nafasi yote, gitaa likakosa pa kujibu. "Unatuita kama mwalimu anayeita mahudhurio," Shomvi akasema. "Mimi sitaki."

"Basi simtaji yeyote."

"Usipomtaja yeyote, nipe sumaku yangu," akasema Kobelo. "Niliua redio ya mama kwa ajili ya jina hilo."

"Na mimi nipe karatasi yangu," akasema Bi Tabu, akimwonyesha vidole.

"Ukimtaja mwingine, natoa koili," akasema Shomvi.

Haya, ona sasa! Ukitoa kimoja, sauti imekufa, maana kuunganisha tena ni kuanza kila kitu upya. Na studio imekodiwa kwa siku moja tu, hiyo kesho.

Kumekucha, wameingia studio. Mafundi watatu wamesimama nyuma ya kioo, kila mmoja na bisibisi yake. Ubeti wa kwanza umepita. Wa pili unaisha. Dorothea macho yamemtoka, na wewe unayejifanya una akili kuliko yeye, njoo usimame mahali pake. Usinitajie wote, na usininyamazie. Nimeshakwambia hayo hayafai.

Vyombo vimenyamaza. Gitaa linasubiri kujibu. Haya, fungua mdomo: unamtaja nani?