Aliyeitika Kwenye Ukungu

Hii isome ukiwa umekaa, tena ikiwezekana uwe na mtu karibu. Ukimaliza usikae nayo peke yako. Mpelekee yule rafiki ambaye kila ukimuuliza habari anakujibu "salama tu", halafu anabadilisha mazungumzo.

Walikuwapo marafiki wawili, watu wazima wa miaka hamsini na ushei, Gwakisa na Elimringi.

Gwakisa alikuwa muuza pampu za maji. Kwa kazi hiyo alikuwa ameizunguka nchi karibu yote, amelala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni wa kila namna, na kila alikopita aliacha watu wakishika mbavu. Alianza kwa kujicheka mwenyewe. Kitambi chake alikiita kitinda mimba, upara wake aliuita uwanja wa ndege. Akishamaliza kujicheka, zamu ilikuwa yako.

Elimringi, ambaye wote walimwita Mringi, alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole, wa maneno machache. Alizaliwa chini ya Kilimanjaro na hakuwahi kuupanda. Jambo hilo Gwakisa hakumsamehe kwa miaka thelathini.

"Mchaga gani wewe, mlima umeutazama tu kama kalenda ya ukutani?"

"Mlima unapandwa na wageni," Mringi alikuwa akijibu. "Wenyeji tuna kazi."

Mwaka huo wakakata shauri. Wangetembea siku nne, mabegi mgongoni, kwenye njia ya zamani inayopita juu ya Mlima Ikuvala, huko nyanda za juu kusini. Siku ya safari, Ndeanansia, mke wa Mringi, aliwasindikiza hadi getini. Akamshika Gwakisa mkono na asiuachie.

"Shemeji, huyu namkabidhi kwako. Nirudishie mzima."

"Mama, nitamrudisha amepungua kilo tano. Hizo sitakudai."

Gwakisa alicheka peke yake.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kucheka kweli. Gwakisa aliteleza kwenye tope akashuka mteremko mzima kwa makalio, na alipofika chini akainua mikono kama mshindi. Mringi alicheka hadi akakaa.

Siku ya pili Mringi alikaa tena, ila hakuwa akicheka. Alikaa kwenye jiwe, akakaa kwenye gogo, akakaa hata penye maji. Pumzi yake ilisikika kwa mbali. Gwakisa akampa jina la Trekta, na kila walipofika kwenye mwinuko alikuwa akiunguruma kwa niaba yake. Mara ya kwanza Mringi alitabasamu. Mara ya sita aliangalia pembeni.

Jioni walifika kwa Mama Sikitu, mwanamke mmoja aliyekuwa na vibanda viwili vya mbao vya kulaza wasafiri. Asubuhi Mringi alichukua kifuko kidogo kutoka kwenye begi lake akazunguka nyuma ya kibanda.

"Choo kiko upande huu, mwalimu!" Gwakisa alimpigia kelele.

 Mringi aliporudi, Mama Sikitu alikuwa ameshawawekea uji na viazi vya kuchemsha. Akasimama mbele yao na mwiko mkononi.

"Leo mtaingia kwenye ukungu. Ncha ya fimbo yako hutaiona. Mmoja atangulie, mmoja afuate. Wa mbele aite, 'Upo?' Wa nyuma aitike, 'Nipo.' Mkishaitana mara kumi, wa mbele asimame, amngoje mwenzake, amshike mkono. Ndipo mwendelee."

"Mkono? Mama, mimi na huyu? Watu watatuchangia harusi."

Mama Sikitu hakutabasamu. "Shikaneni. Huku ukiita, utaitikiwa. Usiiamini sauti mpaka umeushika mkono."

Akarudi jikoni kupuliza moto.

Gwakisa alipanua macho. "Umesikia, Trekta? Kumbe tunakwenda kwa majini!" Na kwa kuwa walikuwapo wachukuzi wawili wa viazi wakinywa uji pale, akaona amepata watazamaji. Akainuka, akatoa kitambi, akalegeza magoti, akaigiza mwendo wa Mringi kwenye mlima: kuhema, kushika kiuno, kutafuta mahali pa kukaa. Wachukuzi walicheka hadi uji ukawatoka puani.

Mringi aliweka bakuli chini. Alikuwa hajanywa hata vijiko viwili.

"Twende," alisema.

"Kula kwanza, bwana. Natania."

"Nimesema twende."

Waliondoka saa mbili, Gwakisa mbele, Mringi nyuma. Saa nne ukungu ukawafunika.

Haukuja kama moshi. Ulikuja kama mtu anayefunga mlango taratibu. Miti ikapotea, kisha njia, kisha viatu vyake mwenyewe Gwakisa. Ndege wakanyamaza. Kilichobaki ni matone yaliyodondoka kutoka kwenye kuvu iliyoning'inia mitini kama ndevu, na kila tone lilisikika kama hatua ya mtu.

"Upo?"

"Nipo." Kavu, ya mtu aliyenuna.

"Upo?"

"Nipo."

Mara ya kumi ilipofika, Gwakisa alipunguza mwendo. Akafikiria kumshika mkono mtu aliyenuna namna ile. Mringi atauchomoa mkono wake, halafu aibu itakuwa ya nani? Akaamua waendelee, watashikana mbele ya safari, hasira zikishapoa.

Walipita kwenye jiwe kubwa lililopasuka katikati. Baada ya hapo akaita.

"Upo?"

Kimya.

"Mringi! Upo?"

Matone tu. Akavuta pumzi akaita kwa nguvu zake zote, "Upooo?"

"Nipo!"

Sauti ilitoka upande wa kushoto, chini kidogo ya alikoitarajia. Gwakisa akashusha pumzi. Ukungu bwana, unachezea hata masikio.

"Haya, twende!" alisema kwa furaha, akaongeza mwendo.

Sasa kwa kuwa hakuna aliyemwona, alipata ujasiri ambao wakati wa uji hakuwa nao.

"Mringi, nilikukosea asubuhi. Mdomo wangu huu ungekuwa pampu, ningeurudisha kiwandani."

Hakuna aliyecheka.

"Au bado umekasirika?"

Kimya.

"Upo?"

"Nipo."

"Tupumzike kidogo?"

Kimya.

"Upo?"

"Nipo."

Hapo kitu fulani kikaanza kumtembea Gwakisa mgongoni. Huyu mtu aliitika neno moja tu. Ukimtania, hayupo. Ukimwomba radhi, hayupo. Ukimwita, yupo. Na sauti yake ilikuwa ikikaribia, tena ikikaribia haraka, kwenye mwinuko ambao Gwakisa mwenyewe alikuwa akiupanda kwa msaada wa mikono.

Kisha akagundua jambo lililomsimamisha palepale. Sauti ile haikuwa na pumzi ndani yake. Kwa siku mbili Mringi alikuwa hawezi kutamka neno bila kuhema. Huyu alikuwa akiitika kama mtu aliyeketi kwenye kiti.

"Upo?" Gwakisa aliita, na safari hii hakutaka kujibiwa.

"Nipo." Hatua tano nyuma yake.

Kitu kilisukasuka, kama maji ndani ya chombo. Fimbo ikagonga jiwe. Gwakisa alikumbuka maneno ya Mama Sikitu, na kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa kukimbia, akanyoosha mkono ndani ya weupe ule.

Mkono mwingine ukaushika.

Ulikuwa wa baridi, umelowa, unanata, na kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome la mti. Mringi alikuwa na mikono ya chaki, laini kama mkate.

"Shikamoo," ukungu ulisema.

"Marahaba," Gwakisa aliitikia, kwa sababu alilelewa vizuri, na hata mbele ya jini malezi hayaachi kufanya kazi.

Akajitokeza kijana mwembamba mwenye panga kiunoni na dumu la njano mgongoni. Alikuwa anaitwa Lukelo, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Alikuwa anatoka bondeni kugema, anakwenda kijijini upande wa pili.

"Ni wewe uliyekuwa unaniitikia?" Gwakisa aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Si ulikuwa unaita?"

"Nilikuwa namwita mwenzangu!"

"Huku mtu akiita kwenye ukungu, anayemsikia anaitika. Ukimnyamazia anaweza kutoka njiani akitafuta, akaingia korongoni. Wazee wetu wote wamefanya hivyo. Mengine uliyosema niliona si yangu, nikanyamaza. Ila nikajisemea, huyu mzee anapenda kuitikiwa kweli."

"Tangu wapi?"

"Tangu njia yetu inapoungana na hii. Pale kwenye jiwe lililopasuka. Karibu saa nzima."

"Na mwenzangu? Yuko nyuma yako?"

Lukelo alimtazama. "Mzee, nyuma yangu hakuna mtu."

Walirudi wakikimbia. Gwakisa aliita jina la rafiki yake hadi sauti ikakauka, na safari hii mlima haukumpa kitu. Akilini alikuwa akimwona Ndeanansia getini, bado amemshika mkono, hajamwachia.

Chini kidogo ya jiwe lililopasuka walikuta begi. Lilikuwa limesimamishwa vizuri katikati ya njia, kama la mtu anayengoja basi. Hatua kumi kando ya njia walikuta kiatu kimoja. Kisha wakasikia sauti.

"Kaeni chini. Nimesema kaeni. Saba mara nane?"

Mringi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa korongo, mguu mmoja peku, miguu yote miwili ikining'inia. Jasho lilimtiririka kwenye baridi ile. Alikuwa akiutazama ukungu mbele yake, akimnyooshea kidole mmoja, kisha mwingine, kana kwamba darasa zima lilikuwa limekaa humo angani.

"Nani anajua? Wewe wa nyuma, simama."

Akaanza kuinuka ili amfuate huyo wa nyuma.

Gwakisa alijirusha, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote kwenye majani. Mringi alimtazama kwa upole, macho hayamjui.

"Umekuja kumchukua mtoto?" aliuliza. "Subiri kengele."

Gwakisa alikimbilia begi atafute sweta. Akafungua, na juu kabisa akakuta kile kifuko kidogo cha asubuhi. Ndani yake kulikuwa na sindano na chupa za dawa. Alizijua. Mama yake mzazi alitumia hizohizo hadi alipofariki. Akakumbuka bakuli la uji lililowekwa chini likiwa limejaa, na watu wawili wakicheka.

"Ni kisukari," alimwambia Lukelo. "Amejichoma sindano asubuhi, halafu hakula. Sukari imemwishia mwilini. Tunataka kitu kitamu, sasa hivi!"

"Huu nimeugema leo," Lukelo alisema, akilishusha dumu. "Bado haujachachuka. Ni mtamu kama maji ya muwa."

Wakamwinua, wakamnywesha kwa kifuniko cha dumu, kidogo kidogo. Kifuniko cha kwanza kilimwagika kifuani. Cha pili alikimeza. Baada ya vifuniko kama ishirini, Mringi aliacha kuwafundisha wanafunzi wasiokuwapo. Akageuza kichwa.

"Gwakisa," alisema. "Kiatu changu kiko wapi?"

Gwakisa alikuwa na majibu elfu moja ya swali lile, miaka thelathini ya majibu. Hakutoa hata moja. Alipiga magoti akamvalisha kiatu.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Mwaka wa tatu sasa nataka kukuambia. Kila nikifungua mdomo, naona umeshaanza kucheka."

Lukelo alisogea kando akajifanya kulifunga dumu lake. Rangi ya uso ikamrudia Mringi. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayekumbuka ndoto:

"Nilikuita, unajua. Pale kwenye jiwe. Sauti haikutoka vizuri, lakini niliita mara tatu. Nikakusikia na wewe unaniita. Nikajaribu kuitika. Kabla sijapata pumzi, mtu mwingine akaitika, 'Nipo.' Nikajua utamkana, utasema huyu si Mringi, miaka yote hii utaijua tu sauti yangu. Nikangoja. Nikakusikia unasema, 'Haya, twende.' Tena kwa furaha. Halafu hatua zako zikaenda."

Funzo: Anayekuitikia "nipo" huenda si yeye, na hata akiwa ni yeye, huenda hayupo sawa. Usiridhike na sauti ya mtu unayempenda. Simama, mngoje, mtazame usoni, na siku hiyo mpe nafasi aseme kabla hujacheka.