Fundi Ngwali Aangukia Birika la Sultani

Palikuwa na Sultani aliyekuwa akioga, na fundi aliyemwangukia.

Fundi huyo aliitwa Ngwali. Kazi yake kutengeneza mashine za kurukia: injini ndogo yenye pangaboi, unaibeba mgongoni kama gunia, parashuti inatanda juu yako, unakimbia kidogo, unapaa. Ngwali alikuwa ametembea nchi nyingi, na karibu zote alizijua kwa kuziangukia. Siku hiyo alikuwa akijaribu mashine mpya juu ya mji. Injini nzuri ajabu! Petroli tu ndiyo aliyosahau kuongeza. Parashuti ikamshusha taratibu, kwa adabu zote, mpaka ndani ya ua wa jumba, mpaka ndani ya birika la kuogea. Askari walimtoa na povu kichwani na dodoki la Sultani mkononi.

Jioni akasimamishwa barazani. Na Sultani yule alikuwa na amri moja isiyo na mchezo: mtu asiwe juu ya kichwa chake. Hata wakwezi wa minazi walingoja kwanza apande ghorofani.

"We Ngwali! Ulikuwa juu yangu!"

"Kwa muda mfupi sana, Bwana Mkubwa. Na sikupoteza wakati kuja chini."

"Mkwezi hupiga ukelele kabla hajapanda, watu wajisitiri. Wewe mbona hukupiga?"

"Nilipiga, Bwana, tena kwa nguvu zote. Ila nilianza nikiwa tayari majini."

Wazee wa baraza wakaziba midomo kwa ncha za vilemba.

"Kwa hiyo mashine zako huanguka?"

"Zote, Bwana. Sijapata kutengeneza hata moja iliyobaki huko juu."

Sultani hakucheka. Akasogea ukingoni mwa kiti.

"Basi nijibu neno moja. Pale birikani, uliniona uchi? Ukisema uliniona, umenivunjia heshima, na karakana yako naichoma moto leo hii. Ukisema hukuniona, umesema uongo mbele ya baraza, maana ulitoka na dodoki langu. Naichoma vilevile."

Karakana ile ndiyo iliyomlisha Ngwali, na mkewe Mwanashungi, na mafundi wote walioshona parashuti humo. Ngwali akajikuna sikio; likatoka povu.

"Jibu basi, mzee," Waziri akamnong'oneza, "wali unapoa."

"Bwana Mkubwa," akasema Ngwali, "Sultani sikumwona. Mle birikani nilimwona mtu mzima hivi, mwenye kitambi, kakumbatia ndoo, anapiga mayowe akimwita mama yake."

Sultani akainuka. "Mtu gani huyo?"

"Mimi simjui. Kama Bwana Mkubwa anamjua, amtaje hapa mbele ya watu."